Pikapu yachemsha ikivuta trela la boti: tutafute chanzo kabla ya kununua rejeta

#1 Nahodha_Mambrui
Waungwana, salaam aleikum. Gari ni Hilux 2.5 dizeli, injini ya 2KD, gia za mkono. Ikiwa tupu yaenda Kilifi na kurudi bila tatizo. Nikifunga trela la boti (faiba ya futi 19, mashine ya nguvu za farasi 60 nyuma, kwa makisio yote pamoja tani moja na nusu hivi) nikishika barabara ya Garsen, kabla ya Marereni mshale wa joto umeshapanda robo tatu. Tangi la akiba hujaa likamwaga, na asubuhi naongeza kama lita moja ya maji ya kisima. Mafundi wawili wamesema rejeta imekufa, ninunue mpya. Sikatai, ila nataka hakika kabla ya kutoa pesa.

#2 FundiRejeta
Waaleikum salaam nahodha. Umefanya vyema kuuliza kwanza. Rejeta mpya hununuliwa sana bila kupimwa, kisha gari likarudi kuchemsha vilevile.

Kuna mambo matatu tu: ama moto unazalishwa mwingi kuliko kawaida (mzigo, breki zinazoshika, gia isiyofaa), ama maji hayautoi moto kwenye injini na kuufikisha kwenye rejeta, ama umefika kwenye rejeta lakini hewa haiuchukui. Ukijua ni lipi kati ya hayo, nusu ya kazi imekwisha.

Usiutegemee mshale wa dashibodi. Kwenye magari mengi ya siku hizi umetengenezwa usimame katikati joto likiwa popote kati ya nyuzi 75 na 100 na kitu, hivyo ukiuona unapanda ujue umechelewa. Tafuta kisomaji kidogo cha OBD (soketi ya kusomea kompyuta ya gari) cha bluetooth, kinachomekwa chini ya usukani, usome nyuzi zenyewe kwenye simu. Tuletee namba hizi:

- joto ukiwa tupu, kilomita 80 kwa saa, baada ya nusu saa ya mwendo
- joto ukivuta, mwendo huohuo, na ni gia gani
- joto likipanda, je, hupanda ukienda polepole mchangani, au ukiwa kwenye lami mwendo mkubwa?
- baada ya injini kupoa usiku kucha, maji ya tangi la akiba yanarudi ndani ya rejeta au yanabaki palepale?

Hilo la mwisho ni la bure na linasema mengi.

#3 Chuma_Gongoni
Na trela lenyewe msilisahau. Trela la boti huzamishwa baharini, kisha likakaa wiki mbili na chumvi ndani ya breki na beringi. Inua kila gurudumu kwa jeki ulizungushe kwa mkono. Linatakiwa lizunguke kwa uhuru. Likisimama baada ya nusu mzunguko, breki inashika au beringi imeliwa na kutu, na pikapu inavuta tairi lisilotaka kuzunguka. Kisha enda kilomita 10, simama taratibu bila kukanyaga breki sana, upime habu zote (vitovu vya magurudumu) kwa kipimajoto cha bastola. Namba zikaribiane. Moja ikizidi mwenzake kwa nyuzi 30, hapo pana ugonjwa.

#4 Nahodha_Mambrui
Shukran. Namba ndizo hizi:

Tupu, kilomita 80, gia ya tano: nyuzi 71.
Na trela, kilomita 80, gia ya tano: 107 baada ya dakika kumi na tano. Nikaenda pembeni.
Na trela, kilomita 60, gia ya nne: 101.
Mchangani Mambrui kutoa boti: 104, polepole kabisa.
Tangi la akiba: maji yalipanda mpaka juu, asubuhi yalikuwa palepale, na rejeta ndani ilikuwa imepungua.
Habu za trela: kulia 52, kushoto 96.

#5 BiSpana
Nahodha, 71 ukiwa tupu si jambo la kufurahia. Dizeli hiyo inatakiwa iende kwenye 80 na kitu ikishapata joto, iwe tupu au imebeba. Injini inayokaa baridi ikiwa tupu na kuchemsha ikivuta, mara nyingi thamostati, ile vali ya joto inayoruhusu maji kwenda rejeta, haimo. Muulize aliyeitengeneza mara ya mwisho.

#6 Nahodha_Mambrui
Dada umesema kweli. Makanika aliitoa mwaka jana. Aliniambia huku kwetu kuna joto, haina kazi.

#7 BiSpana
Basi nieleze kwa urefu, kwa sababu neno hilo limeua injini nyingi hapa pwani.

Thamostati si kizuizi cha maji tu. Ichukue mkononi utazame: juu kuna vali kubwa, na kwenye dizeli nyingi za Toyota chini yake kuna kisahani cha pili chenye springi yake. Injini ikiwa baridi, vali kubwa imefunga, na maji huzunguka ndani ya injini kupitia njia ya mkato bila kugusa rejeta. Injini ikipata joto, vali kubwa hufunguka, na kile kisahani cha chini hushuka kuiziba njia ya mkato. Hapo maji yote hulazimika kupita kwenye rejeta.

Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi milele. Maji hufuata njia nyepesi, kwa hiyo sehemu yake hutoka injini yakarudi injini na moto wake. Ukiwa tupu huoni kitu kwa kuwa moto ni mdogo. Ukivuta tani moja na nusu, yale maji yanayopita rejeta hayatoshi.

Ununue yenye kisahani cha chini kama ya asili. Madukani kuna za bei rahisi zisizo nacho, zinaingia vizuri kabisa na hazifanyi kazi hiyo. Namba ya nyuzi inapigwa chapa juu yake. Fuata iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, usishuke kwa kudhani ya chini itapoza zaidi. Thamostati huamua joto la chini kabisa la injini. Uwezo wa kupoza ni wa rejeta na feni.

Ijaribu kabla ya kuifunga, hata ikiwa mpya. Sufuria ya maji, ining'inize kwa uzi isiguse chini, weka kipimajoto ndani, pasha taratibu. Ianze kufunguka karibu na namba yake, na nyuzi kama 10 hadi 13 juu ya hapo iwe imefunguka kabisa, uwazi wa milimita 8 au zaidi. Toa kwenye moto, iwe imefunga kabla maji hayajapoa kabisa. Wakati wa kuifunga, ile pini ndogo inayochezacheza ikae juu, ndipo hewa inapotokea.

#8 Dizeli_Kilifi
Naunga mkono. Na maji kubaki kwenye tangi la akiba ni mfuniko wa rejeta. Una vali mbili: moja hutoa maji presha ikizidi, nyingine ndogo ya katikati huyarudisha injini ikipoa. Ya pili ikikwama, kila safari unamwaga na hakuna kinachorudi, basi asubuhi unaongeza lita. Ivute kwa ukucha, inatakiwa ifunguke na irudi yenyewe. Tazama raba isiwe imekatika wala kuwa ngumu. Tazama pia kibomba cha kwenda tangi la akiba, kikiwa na ufa kitavuta hewa badala ya maji, na utalaumu mfuniko bure.

Presha yenyewe ndiyo inayozuia maji kuchemka. Maji matupu bila presha huchemka nyuzi 100. Chini ya mfuniko mzima wa 1.1, hiyo ni presha iliyoandikwa juu yake, huchemka karibu na 120. Mfuniko ukivuja, nahodha, ile 107 yako ni maji yaliyokwisha kuchemka ndani ya hedi (kichwa cha injini), na palipo na mvuke chuma hakipozwi. Badilisha kwa namba ileile. Kuweka mfuniko wa presha kubwa zaidi ni kupasua hosi na matangi ya plastiki.

#9 FundiRejeta
Kabla ya kuendelea tuondoe hofu ya gasketi ya silinda hedi, maana dalili za kumwaga maji zinafanana. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, washa na ushike hosi ya juu. Ikiwa ngumu kama tairi ndani ya dakika moja au mbili, wakati maji bado ni baridi, presha hiyo haitokani na joto, ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Pia tazama tangi la akiba injini ikinguruma: mapovu yasiyokoma ni dalili hiyohiyo. Povu moja moja baada ya kubadilisha maji ni hewa iliyobaki tu.

Hosi ikibaki laini mpaka injini ipate joto, tuendelee na mengine.

#10 Nahodha_Mambrui
Hosi ilibaki laini. Thamostati mpya nimeijaribu kwenye sufuria nikaifunga, mfuniko mpya, na gurudumu la kushoto la trela lilikuwa limeshikwa na kutu kwenye breki, limesafishwa. Sasa tupu ni 84. Na trela, kilomita 80, gia ya tano, ni 101. Imeshuka, lakini bado.

#11 FundiRejeta
Vyema, sasa tunasoma gari lisilodanganya. Kipimo kinachofuata: rudi kutoka barabarani ukiwa umevuta, simama, usizime, mwenzako ashike mizunguko 2,000 ya injini kwa dakika. Pima hosi ya juu na hosi ya chini kwa kile kipimajoto cha bastola. Pima kwenye raba nyeusi; chuma cheupe kinachong'aa humpa kipimajoto namba ya uongo, labda ukibandike utepe mweusi kwanza.

Tofauti ikiwa kubwa, nyuzi 30 hivi, maji yanapita taratibu mno: pampu, mirija iliyoziba, au hosi ya chini inayonyonywa ikakunjamana. Tofauti ikiwa ndogo, nyuzi 5 au 6, na zote mbili ni moto, maji yanapita vizuri lakini hewa haiuchukui moto. Rejeta nzima chini ya mzigo hupunguza kama 8 hadi 15.

Halafu pitisha kipimajoto uso mzima wa rejeta. Sehemu iliyo baridi peke yake ni mirija iliyoziba, maji ya moto hayafiki hapo.

#12 Nahodha_Mambrui
Juu 100, chini 95. Uso mzima hauna sehemu ya baridi.

#13 FundiRejeta
Ni hewa. Mirija yako imo wazi, kwa hiyo waliokwambia rejeta imeziba hawakupima.

Sasa toa grili ya mbele utazame. Kwa magari ya huku kwetu ninaanza na pengo kati ya kondensa ya AC (ile kama rejeta nyembamba iliyo mbele) na rejeta. Kutoka mbele unaona kondensa safi, nyuma yake kuna blanketi la vumbi jekundu, wadudu na mbegu za nyasi. Ondoa skrubu za juu, sogeza kondensa mbele kidogo bila kufungua bomba za gesi, umulike kwa tochi. Osha kutoka upande wa injini kwenda mbele, kinyume na njia uchafu ulioingilia. Maji ya hosi ya bustani na sabuni yatosha. Mashine ya presha ikikaribia hulaza vipezi vyote, na ukishavilaza umeziba mwenyewe.

Kisha gusa vipezi, yale mabati membamba yaliyokunjwa kati ya mirija, hasa theluthi ya chini. Gari linaloingia ufuoni hupigwa na maji ya chumvi hapo. Vikiwa na unga mweupe au wa kijani, na vikikatika ukivigusa kwa kidole, basi mirija imo lakini haina mbawa za kutolea moto. Rejeta haivuji hata tone na imekwisha. Hilo halitengenezeki kwa kuosha.

#14 Chuma_Gongoni
Na usimalize kabla ya feni. Namba ya mchangani, 104 polepole, ndiyo inayosema. Kwenye lami upepo wa mwendo husaidia. Ukivuta boti kutoka ufuoni kwa mwendo wa kilomita 15 au 20 kwa saa, kusi likikupiga mgongoni, rejeta haipati upepo hata kidogo, kila kitu ni feni.

Injini ikiwa imezimwa na baridi, zungusha feni kwa mkono. Iwe na uzito kidogo. Ikizunguka mara mbili tatu yenyewe kama ya dari, klachi ya feni, kile kifaa cha katikati kinachoishika feni kukiwa na joto na kuiachia ikipoa, imeishiwa mafuta ya silikoni. Rudia injini ikiwa ya moto, ikiwa IMEZIMWA: lazima iwe nzito zaidi. Ikiwa nzima utaisikia vilevile, ukiwa na mzigo feni huanza kuvuma ghafla kama ndege, kisha ikatulia joto likishuka. Tazama mbele ya klachi, kuna springi bapa iliyojikunja. Ikifunikwa na tope haihisi joto na haifungi klachi. Michirizi ya mafuta yenye vumbi kuzunguka klachi ni silikoni iliyovuja.

Zile zenye skrubu hufunguliwa zikaongezwa silikoni ya namba 10,000. Vichupa vyake vya Toyota ni vya mililita 18, na watu huanza na kimoja au viwili. Usijaze. Ikizidi feni haitaachia, itakula nguvu na dizeli kila saa. Na kama sili ndiyo inayovuja, kuongeza ni kazi ya miezi michache, nunua klachi.

#15 BiSpana
Na kava la feni! Lile plastiki linaloizunguka. Likivunjika au likitolewa ili mkono upite, feni hunyonya hewa ya pembeni, siyo ya kupitia rejeta. Feni ikae karibu nusu ndani ya kava, na pengo kati ya ncha zake na kava lisizidi sentimita 2 au 3. Raba na sponji za kando ya rejeta nazo zina kazi, huzuia hewa ya moto isizunguke kurudi mbele. Taa kubwa za ziada na chuma kipana mbele ya grili pia huchukua hewa, ondoa ulichoweza.

#16 Witu_4x4
Naomba kuingilia. Yangu ni ya gia otomatiki, nayo huchemsha nikivuta. Mnayosema yananihusu?

#17 Dizeli_Kilifi
Yote, na moja zaidi. Mafuta ya gia yako hupozwa ndani ya tangi la rejeta, kwa hiyo moto wa gia unaongezwa kwenye maji yaleyale. Usivute ukiwa kwenye gia ya juu inayopanda na kushuka kila dakika. Funga gia moja chini, gia itulie. Ukivuta kila wiki weka kipoza mafuta cha pembeni mbele ya kondensa, mafuta yapite rejeta kwanza kisha kipoza. Na yakinuka kuungua au yamekuwa ya kahawia, badilisha kabla ya safari nyingine.

#18 Nahodha_Mambrui
Waungwana, nimefungua. Pengo la kondensa lilijaa vumbi na majani. Vipezi vya chini, kama upana wa kiganja, vinakatika vyenyewe. Feni inazunguka kama ya dari. Kwa hiyo rejeta na klachi vyote. Rejeta niliyo nayo ni ya aluminiamu na matangi ya plastiki. Kuna fundi anasema ataipiga rodi.

#19 FundiRejeta
Asiiguse. Kupiga rodi ni kwa shaba: unayeyusha risasi, unatoa tangi, unapitisha chuma bapa ndani ya mirija, unarudisha tangi kwa risasi. Aluminiamu mirija yake ni laini na imebanwa na plastiki, utaitoboa. Na mirija yako haijaziba hata hivyo. Nunua rejeta. Sasa unainunua kwa sababu iliyopimwa, ndiyo tofauti. Ukipata yenye kiini kinene zaidi inayoingia kwenye vishikio vya asili na kava lako, ichukue. Ya shaba ni nzito lakini hapa karibu mafundi wa kuitengeneza wapo.

#20 BiSpana
Na maji, nahodha. Kisima cha huku kimepita kwenye mawe ya matumbawe, kimejaa chokaa, na vingi vina chumvi. Chokaa hujiganda ndani ya injini kama ndani ya birika, chumvi hula panga za pampu mpaka pampu inazunguka bila kusukuma. Kabla ya kufunga rejeta mpya safisha injini, la sivyo uchafu wote utahamia humo.

Asidi ya sitriki, ule unga mweupe wa kutilia sharubati, gramu 50 kwa kila lita ya maji. Fanya na rejeta ya zamani ikiwa bado imefungwa na thamostati ikiwa nje. Injini ipate joto, iende dakika 20 hadi 30, zima, ipoe, mwaga. Suuza kwa maji safi mara tatu au nne mpaka yatoke hayana rangi. Usiiache ndani usiku kucha, itakula aluminiamu. Asidi ya betri au ya kusafishia choo usikaribie nayo kabisa.

#21 Nahodha_Mambrui
Na ndimu au ukwaju? Wazee hutumia.

#22 BiSpana
Asidi imo, lakini huijui ni kiasi gani, na nyuzinyuzi na sukari zake zitabaki kwenye mirija myembamba. Unga ni safi na unapimika.

Kujaza: kulanti (dawa ya maji ya rejeta) ya kuchanganya na maji yaliyotiwa distili, yale ya kuongezea betri (yasome, yasiwe asidi). Hatuna barafu hapa, kwa hiyo nusu kwa nusu si lazima. Sehemu moja ya kulanti kwa mbili za maji inafaa ikiwa lebo inaruhusu, na maji hubeba moto vizuri kuliko kulanti. Unachokitafuta kwenye kulanti ni kinga ya kutu. Usichanganye aina mbili. Rangi peke yake haithibitishi kitu, soma kopo.

Kutoa hewa: egesha pua ya gari ikitazama juu, fungua hita ya ndani mpaka mwisho wa moto, jaza polepole huku ukibinya hosi ya juu. Washa mfuniko ukiwa wazi, ukaongeza kadiri maji yanavyoshuka, mpaka thamostati ifunguke na hosi ya chini ipate joto. Funga, tembea kilomita chache, ipoe kabisa, tazama tena. Kesho yake tazama tena.

#23 Dizeli_Kilifi
La uendeshaji. Gia ya tano kwa kilomita 80 ukivuta boti ni kuichosha. Pampu na feni hufuata mizunguko ya injini. Mizunguko ikiwa ya chini vinasukuma kidogo wakati moto ni mwingi. Shika gia ya nne, kilomita 65 au 70. Boti ni ukuta kwa upepo, na ukizidisha mwendo kidogo nguvu inayohitajika inazidi sana.

Ikifika 103, zima AC, fungua hita yote, shuka gia, punguza mafuta. Ikifika 110, simama. Kama maji yamo, usizime papo hapo, iache inguruma mizunguko 1,500 boneti ikiwa wazi mpaka ishuke. Kama hosi imepasuka au mvuke unatoka, zima mara moja, na usimimine maji ya baridi kwenye injini ya moto, hedi itapasuka. Mfuniko usiguse mpaka hosi ya juu ibinyike kwa mkono, ni kama saa moja, na ufungue kwa kitambaa kinene, hatua ya kwanza tu, usubiri.

#24 Nahodha_Mambrui
Imefungwa yote: rejeta mpya, klachi ya feni, kulanti, hewa imetolewa. Nimevuta leo mpaka Garsen, gia ya nne, kilomita 70, mchana wa saa saba, AC imewashwa. Ilikaa 88 mpaka 92. Mchangani ilifika 94, feni ikavuma, ikarudi 89. Maji ya akiba yamepanda na kurudi kwenye alama. Mola awazidishie nyote.

#25 Chuma_Gongoni
Alhamdulillah. Kila ukitoka ufuoni mwagia rejeta maji yasiyo na chumvi, kutoka mbele, na chini ya gari pia. Magurudumu ya trela yaache yapoe kabla ya kuyatia baharini: habu ya moto ikizama ghafla hunyonya maji ya chumvi kupitia sili. Kisha pampu grisi ya baharini mpaka ya zamani itoke. Na ile breki ya kushoto ifungue tena baada ya wiki mbili, kutu iliyoanza pale hurudi.

#26 Witu_4x4
Nami nimepima. Hosi ya juu 103, ya chini 71.

#27 FundiRejeta
Hiyo ni nyuzi 32. Yako ni ya maji. Tazama hosi ya chini mwenzako akipandisha mizunguko 3,000, kama inakunjamana springi ya ndani imeoza. Isipokunjamana, pitisha kipimajoto uso wa rejeta utafute baridi, kisha njoo na namba.